Risala ya klabu ya pacha wa kidijitali na XR kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonyesho ya chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia wito wetu, maana barabara ya kuja huku tunaijua wote na bado umefika kabla ya muda, sie hilo tumeliona na tumelichukulia ni heshima kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu ilianza na wanachama saba na laptopu moja ya mwalimu, leo tuko 43 na wasichana ni 19. Historia ya fani yenyewe hatutakuchosha nayo, 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza miwani ya kuvaa kichwani inayokuonyesha vitu vya kompyuta, 1970 tanki la oksijeni lilipolipuka kwenye chombo cha angani Apollo 13 wataalam wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakajaribia marekebisho kwenye mitambo inayofanana nacho huku chini duniani, na 2002 Michael Grieves pale Michigan akaeleza wazo la kila kifaa kuwa na mwenzake ndani ya kompyuta anayepokea taarifa zake. Mwenzake huyo ndo anaitwa pacha wa kidijitali. Ukimuweka kwenye miwani ukamwona kwa macho, na akili mnemba ikamsomea afya yake, hapo ndo utafiti wa XR, yaani wa kuchanganya dunia halisi na ya kompyuta, ulipo sasa hivi duniani, na sie tupo humo humo.

Na kwetu mapacha wana majina tayari. Pampu inayopandisha maji kwenye tanki la bweni la wasichana tumeiita Kulwa, aliyemo kwenye kompyuta ni Doto. Mwilini kwa Kulwa tumefunga sensa ya mtetemo, ndogo kama kidole gumba, na nyingine imebana waya wa mota inapima umeme, zote zinarusha taarifa kwa waifai, na akili mnemba tuliyoifundisha wenyewe inajua Kulwa akiwa mzima anatetemeka vipi. Ukivaa miwani ukasimama mbele ya pampu unaona mpaka ndani, shafti inazunguka, beringi zinazunguka, na penye shida panabadilika rangi.

Mwezi wa tatu Doto alianza kuwa mwekundu kwenye beringi ya mbele. Fundi akaja akaweka mkono juu ya pampu akasema mbona iko poa tu. Siku ya nne akakubali kufungua, grisi imekauka, gololi zimeanza kuchubuka. Beringi ikabadilishwa asubuhi ile ile. Mheshimiwa, mwaka juzi mota hiyo hiyo iliungua na dada zetu wakabeba ndoo kutoka bondeni wiki mbili nzima, mpaka wakati wa mitihani. Kwahiyo tunasema bila kuona haya kwamba kazi hii ni ya kiwango cha vyuo vikubwa duniani, imefanywa hapa, na sekondari zote za jirani zimekuja kuiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto tunazo nyingi ila kikao kiliamua tukuletee moja tu, maana tukileta kumi zinasahaulika zote kumi. Hatuna kompyuta yenye GPU.

GPU ndo inayochora picha za kwenye miwani na ndo inayofundisha akili mnemba, bila hiyo tunafanya utafiti wa XR kwa kubahatisha. Kumfundisha Doto upya kwenye laptopu zetu ni usiku kucha na umeme ukikatika saa tisa tunaanza moja. Kwenye miwani, ukigeuza kichwa picha inatakiwa iwe imeshakufuata ndani ya milisekunde kama 20, ikichelewa ubongo unavurugika, na yetu inachelewa. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alitapika baada ya dakika tano na klabuni hajarudi, na alikuwa anaandika programu za kompyuta vizuri kuliko wengi wetu.

Halafu kuna Kilwa. Tulichangishana nauli tukaenda Kilwa Kisiwani tukapiga picha 1,400 za Msikiti Mkuu, nguzo kwa nguzo, ili tumtengenezee pacha wake. Magofu yale yalikuwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 mpaka 2014, na Desemba 2020 wote tuliona sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilivyoporomoka kule Zanzibar na watu wakafa, kwahiyo hili kwetu sio mchezo. Njia ya kugeuza picha kuwa umbo la kutembea ndani yake ilitolewa 2023 na walioitoa walishauri GPU yenye memori ya GB 24. Picha zetu ziko kwenye flashi mpaka leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie hapa. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi kompyuta tano, tukapiga makofi, tukaandika barua tatu, tukajibiwa liko kwenye mchakato. Aliyefuata alisikitika kusikia hazijafika akaahidi kumi. Tukapaka rangi chumba, tukafunga nondo dirishani, tukachongesha meza kumi kwa hela zetu. Sasa chumba kinahifadhi magodoro. Mwaka jana hatukuandika ombi lolote, tulisoma historia tukakaa.

Kwahiyo leo hatuombi kumi. Tunaomba moja, ya mezani, GPU ya memori GB 24, hata ikiwa ya mtumba tunaipokea kwa mikono miwili. Tabuleti na laptopu za kawaida tunazithamini sana ila kazi hii haziiwezi. Profoma za maduka matatu zimeambatanishwa. Upande wetu tumeshachanga laki nne na elfu sitini, ziko kwa mtunza hazina, hizo za UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Wanaomjua Doto vizuri ni wanne na wote wanamaliza mwezi wa saba, kompyuta ikija wa tisa itawakuta hawapo wa kuwarithisha wadogo zao.

Kama haitawezekana, kwa heshima zote tunaomba utuambie leo leo, tutakushukuru vile vile na tutabisha hodi kwingine. Kinachotuumiza ni kusubiri.

Miwani imechajiwa, Kulwa yuko nyuma ya bweni hatua kama sitini kutoka hapa, tunaomba ukamwone kabla ya chakula. Mezani kwako kuna karatasi moja, ina nafasi ya jina la mtu wa ofisini kwako tutakayemfuatilia, namba yake ya simu, na tarehe. Kalamu iko pembeni yake.

Tunaomba kuwasilisha.