Kiti cha Kamukunji hakina kabila: barua kwa vijana mtakaopiga kura ya kwanza 2027

Wajukuu zangu wa Pumwani, Eastleigh, Airbase na California,

Salamu nyingi kutoka Majengo. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari nawasikia vibarazani mkihesabiana. Safari hii ni zamu ya fulani. Wale wamekaa sana. Wetu hawajawahi kukionja kiti cha ubunge cha Kamukunji, hapa Nairobi. Maneno haya hamkuyatunga nyinyi. Mmeletewa, na wanaowaletea wanajua kwamba hamjasimuliwa kiti hiki kimepitia mikono ya nani. Mimi ningali hai, na akili yangu ingali nzima, kwa hiyo nawasimulia.

Hapa petu hapajawahi kuwa pa kabila moja, tangu hata kabla jina la Kamukunji halijaandikwa kwenye karatasi ya kura. Pumwani ilipimwa na wakoloni karibu na mwaka 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja, mbali na mitaa ya Wazungu. Wakaja Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wanubi na watu wa pwani. Nyumba za Majengo zilikuwa na ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kila chumba kiliweza kuwa na lugha yake. Uani, penye jiko na kamba za nguo, watu wote walisema Kiswahili. Upande wa Eastleigh walikaa Wahindi na Wasomali. Mgombea aliyetegemea watu wa kwao peke yao hakufika mbali.

Tom Mboya alilielewa hilo mapema. Kabla ya siasa alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1957, Waafrika walipochagua kwa mara ya kwanza watu wao wa Baraza la Kutunga Sheria, alimshinda wakili Argwings-Kodhek hapa Nairobi. Mwaka 1961 akasimama Nairobi Mashariki dhidi ya daktari Munyua Waiyaki. Wapigakura wengi walikuwa Wakikuyu, na Waiyaki alikuwa wa kwao. Mboya, Mluo wa kisiwa cha Rusinga, akachukua zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Baba zetu walimpa kura kwa sababu alikuwa amewapigania mishahara wakamwona kwa macho yao. Hapakuwa na siri nyingine.

Mwaka 1963 akaingia Bungeni kwa kiti cha Nairobi ya Kati, ambacho baadaye kikaitwa Kamukunji. Akapigwa risasi Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Majuma yaliyofuata majirani Waluo na Wakikuyu waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kufunga milango mapema, na uani watu wakaanza kunong'ona kwa lugha za kwao. Naliandika hili kwa uchungu, maana hapo ndipo nilipoona jinsi mtaa unavyoweza kugawanywa kwa muda mfupi sana.

Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1969 tulimchagua Maina Wanjigi, Mkikuyu, tukamrudisha 1974. Mwaka 1979, miaka kumi tu baada ya Mboya kuuawa, Kamukunji ikampa kiti Nicholas Gor, Mluo mwingine. Mwaka 1983 Wanjigi akarudi. Watu walikuwa wakipima na kubadilisha. Anayewaambia leo kwamba kiti hiki ni mali ya jamii fulani ajibu kwanza kuhusu 1979.

Sasa niwaelezee Muoroto, kwa sababu ndipo mahali ambapo nawaomba mwanzie kila mtakapompima mgombea.

Muoroto kilikuwa kijiji cha vibanda karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Waliokaa pale ni wachuuzi, wapiga debe, akina mama wauza chai, watoto wao. Mwezi Mei 1990 askari wa jiji walikuja kuvibomoa. Wenyeji walikataa, pakawa na mawe na rungu, watu wakaumizwa vibaya. Mabati yalikunjwa na masufuria yakakanyagwa. Enzi hizo chama kilikuwa kimoja, Kanu, na waziri alikuwa hasemi kitu ila anachotaka Rais kusikia. Wanjigi alikuwa waziri. Alikuwa pia mtu wa mali, hakuwa maskini mwenzetu. Hata hivyo alifungua mdomo hadharani akalaani ubomoaji ule, kwa kuwa waliobomolewa walikuwa watu wake. Alifutwa uwaziri na akafukuzwa Kanu.

Nimeona wabunge wengi wakifungua madarasa na kukata utepe. Lile la Wanjigi nalishikilia kuliko yote, kwa sababu lilimgharimu.

Wiki chache baadaye wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi uwanjani hapa Kamukunji, tarehe 7 Julai 1990. Walikamatwa kabla ya siku yenyewe, watu wakatoka hata bila wao, na damu ikamwagika. Saba Saba mnayoiadhimisha ilianza kwetu. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1991, Ford, vuguvugu la kudai vyama vingi, nayo ikazuiwa kukutana uwanja huohuo, na kabla mwezi wa Desemba kwisha sheria ya chama kimoja ilikuwa imeondolewa. Mmoja wa wale sita walioongoza Ford, George Nthenge, tulimchagua mbunge 1992 kwa tiketi ya Ford Asili. Mkamba huyo. Mwaka 1997 na 2002 tukampa Norman Nyagah kutoka ukoo wa kisiasa wa Embu. Tangu 2011 kiti anacho Yusuf Hassan, Msomali, mwanahabari wa zamani. Desemba 2012 alijeruhiwa vibaya kwa guruneti Eastleigh, wakati ambapo Wasomali wa mtaa walikuwa wanatupiwa mawe na majirani zao. Miezi mitatu baadaye, akiwa bado anauguza majeraha, alichaguliwa tena, na tena 2017 na 2022.

Mluo, Mkikuyu, Mkamba, Msomali, mtu wa Embu. Yuko wapi aliyenyimwa zamu?

Jambo moja linanikera na sitalificha. Tangu hazina ya maendeleo ya eneo bunge, CDF, ilipoanzishwa 2003, tumemgeuza mbunge kuwa mgawaji wa basari. Najua basari imesomesha watoto wengi, baadhi yenu mkiwemo. Lakini Mahakama ya Juu mwaka 2022 iliikataa sheria ya CDF ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria ya 2015 nayo inakiuka Katiba. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria, kuibana serikali na kusema kwa niaba yetu. Takataka, masoko na barabara za mtaa ni za kaunti, na za kufuatwa kwa MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi. Mgombea akija kuwaahidi kuzoa taka za soko la Gikomba, ama hajui kazi anayoomba au anajua kwamba nyinyi hamjui.

Muulizeni maswali ya kazi yake. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Mwezi Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali iliwapa waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni amri ya kuhama, na matingatinga yakafuata. Tingatinga litarudi. Siku hiyo atasimama wapi, na atasimama hata kama chama chake ndicho kilicholituma? Kama amewahi kuwa Bungeni, someni Hansard, rekodi ya mijadala ya Bunge, mwone alisema nini. Simu mnazo, na kumbukumbu za Bunge ziko wazi.

Msingoje Agosti. Mwaka 1988 tulipanga mlolongo nyuma ya wagombea katika mchujo wa Kanu, na aliyepata asilimia 70 alipita bila uchaguzi wa kura ya siri. Hata leo mambo mengi huamuliwa kwenye mchujo wa chama, siku ambayo vijana wengi hubaki wamelala. Jiandikisheni kwa IEBC, tume ya uchaguzi, mapema, kisha mfike mchujoni.

Na kura zikishahesabiwa, msiondoke. Kura zetu za Desemba 2007 zilizua mzozo uliofika mahakamani, tukarudi kupiga kura 2011. Matokeo ya mbunge ya kila kituo hujazwa kwenye Fomu 35A na nakala hubandikwa mlangoni. Kila kituo kipate vijana wawili, wa makabila mawili, waipige picha fomu hiyo usiku uleule na kuilinganisha na itakayotangazwa.

Mzee wenu,
Majengo, Pumwani