Kalenda ya mvua ya Dodoma si ya Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna habari za mvua na joto zinavyoandikwa magazetini, likiwemo hili lako ambalo ni msomaji wake wa miaka mingi. Kila mwaka, ifikapo mwanzoni mwa Machi, tunasoma kwamba masika yanaanza na kwamba wakulima nchini wanahimizwa kuandaa mashamba na kununua mbegu. Habari hiyo inapotufikia sisi wa Kongwa, mkoani Dodoma, uwele na mtama vimeshatoa masuke, alizeti imechanua, na aliyewahi kupanda mahindi ya muda mfupi ameshaanza kuchoma mabichi. Mkulima wa huku atakayeufuata ushauri huo akapanda Machi ataambulia mvua ya wiki chache tu, kwani kufikia mwishoni mwa Aprili mvua huwa imekatika, na hairudi mpaka Novemba au Desemba.

Nchi yetu ina kalenda mbili za mvua. Mikoa ya Kanda ya Ziwa Viktoria, Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Tanga, Pwani na Dar es Salaam, pamoja na kaskazini mwa Morogoro na visiwa vya Unguja na Pemba, hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, kisha masika kati ya Machi na Mei. Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi na Mtwara hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Chanzo chake ni ukanda wa mvua unaolifuata jua, ambao hushuka kusini kuelekea mwisho wa mwaka na kupanda tena kaskazini kuanzia Machi. Walio kaskazini hupitiwa nao mara mbili, ilhali sisi wa katikati na wenzetu wa kusini hutufikia mara moja, ukatulia, halafu ukaondoka. Ndiyo maana Januari na Februari, ambayo kwa mtu wa Moshi au Tanga ni kiangazi, kwetu ni miezi ya palizi, na matope yamejaa njiani.

Tatizo jingine ni vichwa vya habari vinavyosema kwamba mvua zitakuwa juu au chini ya wastani bila kutaja wastani wa wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulilinganisha kila eneo na wastani wake lenyewe wa miaka 30, na wastani huo hutofautiana mno. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka mzima, Unguja takriban 1,600, na Bukoba takriban 2,000, kwa sababu upepo unaovuka ziwa huzoa unyevu na kuumwaga upande wa Kagera. Masika yaliyo chini ya wastani Unguja yanaweza kuleta maji mengi kuliko mvua zetu za mwaka mzuri.

Hata hivyo, kwa mkulima jumla hiyo si kitu kikubwa kama mtawanyiko, yaani namna mvua inavyogawanyika ndani ya msimu. Chukua mahindi yaliyopandwa katikati ya Desemba. Februari yanapotoa mbelewele, yaani maua ya kiume ya juu, jua likiwaka wiki tatu mfululizo, chavua hufa, gunzi hubaki na punje za kuhesabika, na hakuna mvua ya Machi itakayoyarekebisha. Machi ikinyesha kwa nguvu, kipimo kitajaza milimita zote zilizotarajiwa na utabiri wa mvua za wastani utakuwa umetimia, huku shambani pamesimama mabua. Hapa Kibaigwa, penye soko kubwa la nafaka, kila mfanyabiashara anajua kwamba bei ya mahindi ya Juni hutegemea Februari. Taarifa za Mamlaka hutaja kwa kila kanda muda wa mvua kuanza na kwisha, mtawanyiko wake, na uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu, lakini hayo ndiyo yanayokatwa kwanza habari inapofupishwa, na nafasi yake ikachukuliwa na picha ya daladala ndani ya maji ya Jangwani, Dar es Salaam.

Joto nalo huandikwa vivyo hivyo. Januari na Februari tunaambiwa nchi iko kwenye joto kali, na kwa pwani ni kweli, maana nyuzi 32 zikichanganyika na unyevu wa bahari humkosesha mtu usingizi. Dodoma huwaka zaidi Oktoba na Novemba, jua linapopita utosini na mbingu haina wingu, na mvua zikishaanza joto hupungua. Na Juni na Julai, wakati mtu wa Dar es Salaam anafurahia upepo wa kusi, kule Makete, mkoani Njombe, barafu hukaa juu ya majani alfajiri na kuunguza bustani za viazi.

Habari za El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, zinahitaji uangalifu huohuo. Kwa kawaida hali hiyo huongeza mvua za vuli kaskazini, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena 2023, lakini kwa mikoa ya kusini athari yake haitabiriki kwa uhakika wa namna hiyo. Kumtisha mkulima wa Songea kwa picha za mafuriko ya kaskazini kunaweza kumfanya aachane na mbegu aliyokuwa ameichagua vyema.

Siwalaumu waandishi, maana wengi wanaishi Dar es Salaam, na mvua wanayoiona dirishani mwezi Aprili ni masika kweli. Ninachoomba ni kwamba kila habari ya mvua itaje kanda inayohusika, na kwamba utabiri wa mvua za msimu unaotolewa kuelekea mwisho wa Oktoba upewe nafasi sawa na ule wa vuli na wa masika, ukichapishwa na jedwali lake lote la kuanza, kwisha na mtawanyiko. Ukitoka katika wiki ya kwanza ya Novemba, utatukuta bado hatujanunua mbegu.

Msomaji wako,
Kibaigwa, Dodoma