Kwa nini sipokei tena vipande mlivyosaini kwa kalamu zenu

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa mtaa wa Section 58, hapa Nakuru, aliingia dukani na blanketi nililomshonea mwaka jana, akaliweka kwa kishindo juu ya meza ya kukatia, akaniambia mbele ya wateja wawili, "Fundi, umenila pesa zangu." Nikalikunjua. Vipande 30, kila kimoja na sahihi ya mtu wa familia yake, zawadi ya jubilei ya fedha ya dada yake na shemeji yake. Mishono ilikuwa imara, pindo halijafumuka hata mahali pamoja. Lakini majina 14 yalikuwa yamegeuka madoa ya samawati, herufi zimetambaa hadi huwezi kujua ni za nani. Blanketi lilikuwa limefuliwa mara mbili tu.

Sikumjibu vibaya, maana naujua uchungu wa kutoa zawadi kama hiyo kisha ikaharibika mikononi mwa uliyempa. Ila yale majina 14 niliyatambua mara moja. Ni vipande alivyoniletea mwenyewe, vimekatwa kwenye shuka la mitumba na kusainiwa kwa kalamu za duka la vitabu, ili asilipe shilingi 2,500 za kuandaa vitambaa. Nilimwambia wakati ule kwamba havitadumu. Akasema, "Wewe shona tu, hiyo ni juu yangu." Nikashona. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika haya leo, kwa kuwa yeye si wa kwanza. Mwaka huu pekee ni wa nne.

Kwanza nimalize hili la bei, kwa sababu kila wiki naulizwa vipi blanketi la sahihi liwe shilingi 24,000 na blanketi zito la dukani linapatikana kwa 3,000.

Blanketi la kitanda cha tano kwa sita lina vipande vitano kwa upana na sita kwa urefu, kila kimoja inchi 12 kikishashonwa. Nakikata inchi 12 na nusu, kwa kuwa robo inchi huingia ndani ya mshono kila upande. Nikizungushia mpaka wa inchi 6, napata inchi 72 kwa 84. Ile robo inchi ndiyo inayokula siku zangu. Ukipotoka sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kila ukingo, ukifika mwisho wa safu ya vipande sita umekosea zaidi ya nusu inchi, na pembe hazikutani tena. Blanketi la namna hiyo halilali kitandani, linafura katikati kama chapati kwenye kikaango. Nafumua na kurudia hadi pembe nne zikutane kwenye ncha moja ya sindano.

Chini ya uso huo kuna pamba ya kujazia, na chini ya pamba kuna mgongo. Tabaka zote tatu nazipiga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda ya kuzishikanisha, nikiwa nimepiga magoti sakafuni siku nzima, kabla cherehani haijazigusa. Anayeruka bandi atapata mikunjo upande wa mgongo, na mikunjo ile haitoki kwa pasi.

Vitambaa, pamba na nyuzi hunigharimu kama 8,000. Zinabaki 16,000 za kazi ya siku 18. Gawanya mwenyewe: haifiki 900 kwa siku, na bado sijalipa kodi ya chumba wala stima. Ukitaka nipunguze, nitapunguza mpaka, au tutashona vipande 20 badala ya 30, au mgongo uwe wa kitambaa cha bei nafuu. Hayo yote yanazungumzika. Maandalizi ya sahihi hayazungumziki.

Sahihi zetu zinaandikwa kwenye merikani ya pamba tupu. Jina hilo si la bahati nasibu. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta kitambaa hicho Unguja kwa shehena, na jina la nchi kilikotoka likabaki kwenye ndimi za watu wa pwani hadi bara. Huko huko Marekani, kuanzia miaka ya 1840, wanawake walikuwa wakikusanya sahihi za ndugu na majirani kwenye vipande vya pamba, hasa pale mmoja wao alipokuwa anahamia mbali magharibi na hawana hakika ya kuonana tena. Baadhi ya wino za wakati ule zilitengenezwa kwa madini ya chuma, na chuma kile kikala pamba polepole. Yapo mablanketi ya zamani ambayo jina limekuwa matundu yenye umbo la herufi. Kwa hiyo shida ya wino na kitambaa ni ya tangu hapo.

Merikani mpya ina wanga. Ndiyo maana inasimama ngumu ukiinunua. Ukiandika juu ya wanga, wino unakaa kwenye wanga, na siku wanga unapotoka kwenye maji, jina linaondoka nao. Kwa hiyo nafua kwa maji ya moto na sabuni, nasuuza, naanika, kisha nadondosha tone moja la maji juu yake. Tone likikaa kama shanga, wanga bado upo, narudia. Tone likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Kufua huko kunamaliza pia kupungua. Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kupoteza inchi mbili kwenye urefu wa 60, na ikipungua ikiwa tayari imeshonwa pamoja na vitambaa vingine, blanketi zima linapinda.

Shuka la mitumba, mara nyingi, ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Poliesta hainywi wino. Na pasi ya moto ninayohitaji ili kuushika wino inaifanya ing'ae na kujikunja. Shuka lenyewe linaweza kuwa zuri sana la kulalia, sikatai, lakini halifai kuandikiwa.

Kisha kalamu. Ninazotumia zina wino wa chembe za rangi zisizoyeyuka kwenye maji. Ncha yake ni nyembamba na haisambai. Marka ya kawaida inasambaa kwenye nyuzi, na baada ya miaka michache inaacha kivuli cha manjano pembeni mwa herufi. Biro ya shuleni ndiyo iliyomharibia mama wa Section 58.

Lakini iliyonifundisha kuliko zote ni kalamu ya kufutika, ile wanafunzi wanayoipenda, unayoisugua kwa mkia wake na maandishi yakapotea. Familia moja ya Njoro ililetewa vipande 11 na wajukuu, vimesainiwa kwa kalamu hiyo, mwandiko safi kabisa. Sikuuliza ni kalamu gani. Nikaweka pasi juu ya cha kwanza, nikainua, kitambaa cheupe. Nikadhani nimekosea upande. Nikapiga cha pili, nacho kikawa cheupe. Nikazima pasi na kuketi. Wino ule hufutwa na joto. Ule msuguo wa mkia wa kalamu si kingine ila joto, na pasi yangu ilikuwa imefanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Mmoja wa watoto wale alikuwa ameshasafiri kurudi shule ya bweni. Jirani yangu anauza samaki na ana friza kubwa. Nikaviweka vipande vile viwili ndani ya mkebe wenye kifuniko, vikalala humo usiku kucha, kwa kuwa baridi kali huurudisha wino huo. Asubuhi majina yalikuwa yamerudi, hafifu kama mstari wa penseli iliyofutwa. Nilikaa pale pale kwenye benchi la duka la samaki nikayafuatilia kwa sindano. Vile tisa vingine navyo nikavitarizi bila kuvipitishia pasi. Wale wazee hawajui hadithi hiyo hadi leo.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiagiza blanketi nampa bahasha: vipande vilivyofuliwa, kalamu mbili, na kipande cha msasa laini. Msasa unawekwa chini ya kitambaa, sura ya mchanga ikiangalia juu, ili kitambaa kisitembee mtu anapoandika. Kwa mzee mwenye mkono unaotetemeka, msasa huo ndio unaotenganisha jina na mchoro. Kwenye kila kipande nimechora sanduku kwa penseli. Tafadhali msitoke nje ya sanduku. Kuna mjomba mmoja wa Molo aliyejivunia sahihi yake ya benki, yenye mkia mrefu, akaandika hadi ukingoni. Mkia wote uliingia kwenye mshono na hakuna nililoweza kufanya. Mkishaandika, kiacheni kipande siku nzima kikauke, ndipo kije kwangu nikipige pasi kavu, bila mvuke.

Baada ya hapo natarizi juu ya mwandiko, mshono wa kurudi nyuma, nyuzi mbili kati ya zile sita za uzi wa kutarizi. Nafuata kila kona ya mwandiko, hata pale mtu alipoteleza. Nilijifunza kwa mama yangu, ambaye alitusomesha kwa vitambaa vya makochi, na hakuwahi kuniruhusu kuacha fundo upande wa nyuma. Jina fupi linanichukua dakika 40. Jina refu, saa moja na nusu. Wino ukija kufifia baada ya miaka, uzi utabaki umeshika umbo lile lile la mkono wa mtu.

Na hapo niseme kuhusu njia nyingine ya mkato, ambayo inaniuma kuliko ya kalamu. Binti mmoja wa kule Bahati, mwandiko wake mzuri ajabu, aliona kuzungusha bahasha kwa watu 30 kutamchosha. Akaketi jioni moja akaandika majina yote mwenyewe. Nilialikwa kwenye sherehe ya wazazi wake, miaka 40 ya ndoa. Mzee alifunguliwa blanketi mapajani, akapitisha kidole safu ya kwanza, safu ya pili, akavua miwani. Akasema, "Huu ni mwandiko wa binti yangu. Na wengine wako wapi?" Watu walicheka kidogo wakidhani ni utani. Mzee hakuwa anatania. Alikuwa anatafuta mwandiko wa mwanawe aliyeko Mombasa, ambaye hakuweza kufika siku ile.

Kwa asiyejua kuandika, tunatumia dole gumba. Msitumie wino wa muhuri wa ofisini, unatoka kwenye maji. Njooni naye dukani, au mnipigie nije. Nilikwenda Subukia kwa nyanya mmoja aliyekuwa amepita umri wa miaka 90. Nilimpaka rangi ya kitambaa kwenye dole kwa brashi, kidogo sana, maana ikizidi mistari inazibana. Alikandamiza mara moja, akaangalia, akasema hakupenda, akataka kipande kingine. Alitumia vipande vitatu. Alichokichagua kina alama ya kovu katikati, mahali alipojikata kwa panga akivuna mahindi akiwa msichana, na alitaka kovu lile lionekane. Nilikizungushia uzi mwekundu nje tu, sikugusa mistari ya ndani.

Mkiniletea leso au kitenge cha familia ili kiingie kwenye mpaka, nileteeni mapema nikijaribu. Nakiloweka kwenye maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe. Kama cheupe kinatoka waridi, kitenge hicho kitayapaka rangi majina yenu siku ya kwanza ya kufuliwa. Chumvi na siki haviwezi kuizuia rangi ya aina hiyo, ingawa kila mtu amefundishwa hivyo na shangazi yake. Na blanketi lazima lifuliwe. Kwa vumbi letu la Januari hapa Nakuru, halikwepeki. Maji baridi, sabuni kidogo, likaushwe kivulini likiwa limelazwa, lisitundikwe kwa pembe moja.

Muda ninaohitaji ni miezi mitatu, na wingi wa muda huo si wangu, ni wa bahasha kuzunguka. Anayekuja Novemba akitaka la Desemba namwambia ukweli: nitakushonea blanketi lisilo na majina, kisha majina tutayaongeza Machi. Wachache hukubali, na hao huwa wateja wazuri.

Turudi kwa mama wa Section 58. Tulizungumza hadi chai ikapoa. Kufumua vipande 14 katikati ya blanketi lililokwisha kushonwa tabaka zote tatu ni kazi ya 11,000 kwa bei yangu ya kawaida, kwa ajili ya zile 2,500 alizookoa. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba nilipokea kazi niliyojua haitadumu, kwa hiyo yeye atalipia vifaa na mimi nitatoa mikono yangu. Alikubali, na siku iliyofuata akarudi kuchukua bahasha. Vipande 13 vimeshanifikia, vyote ndani ya sanduku. Cha 14 kiko Houston kwa mpwa wake, na kuna mtu wa kanisani kwao anayerudi nacho mwisho wa mwezi. Blanketi liko kwangu kabatini, safu ya tatu ina nafasi wazi ya inchi 12.