Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Pili, 2024

Kwa wazazi na walezi wote,

Poleni kwa hasara za mvua, na asanteni kwa subira yenu shule zilipochelewa kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Ripoti za watoto zimeambatanishwa na barua hii. Hisabati imepanda; Kiswahili kimeshuka Gredi ya 4, na mwalimu wa darasa atawaeleza.

Wanafunzi wa Gredi ya 8 wametuletea nafasi ya kwanza katika maonyesho ya sayansi, na sitalipitia jambo hili haraka. Walijenga bwawa la udongo ndani ya karai, wakaacha mfereji pembeni wa kutolea maji yanayozidi. Mbele ya waamuzi wakamimina maji: mfereji ukiwa wazi, tuta likasimama. Wakauziba kwa majani ya mahindi, wakamimina tena. Maji yakapanda juu ya tuta, yakachora mchirizi mwembamba upande wa nyuma, mchirizi ukawa mfereji, na mwamuzi hajamaliza kuandika tuta zima lilikuwa limeporomoka.

Kisha msichana mmoja akaeleza, bila karatasi, yaliyoupata mji wa Derna, Libya, usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023. Dhoruba Daniel ilimwaga zaidi ya milimita 400 za mvua kule Al-Bayda kwa siku moja. Bwawa la Abu Mansour, tuta la udongo na mawe lililojengwa miaka ya 1970, likazidiwa. Maji yake yakalishukia bwawa la pili lililokuwa karibu na mji, nalo likang'oka. Mitaa ikasombwa hadi baharini, maelfu wakafa. Mwaka mmoja kabla, mtaalamu wa maji Abdelwanis Ashour alikuwa ameandika kwamba mabwawa hayo yanahitaji matengenezo ya haraka. Binti huyo akamalizia na Solai, hapa kwetu Nakuru, ambako bwawa la shambani lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Ukumbi ulinyamaza. Wazazi wake, hongereni sana.

Ndiyo maana lile tukio la Mei linaniuma hadi leo. Mnalijua bwawa lililo juu yetu, na mnajua sisi tuko bondeni. Mvua ingali inanyesha, wavulana wa Gredi ya 6 na ya 7 walitoroka baada ya chakula cha mchana, wakatega wavu katika mfereji wa maji ya ziada ili wanase perege, wakaubana kwa mawe na matawi. Mlinzi alipoufikia, wavu ulikuwa umejaa magugu na makopo, na maji yameanza kulowesha kingo za juu za tuta. Haya yalitokea wiki chache tu baada ya Mai Mahiu, ambako tarehe 29 Aprili maji yalirundikana nyuma ya tuta la reli kwa sababu kalvati, njia ya maji chini ya reli, iliziba, kisha yakashukia vijiji watu wakiwa wamelala.

Watoto tumewaadhibu, yamekwisha. Lakini wazazi waliokuja ofisini kudai wavu, na yule aliyemfokea naibu wangu mbele ya wanafunzi kwa sababu mwanawe ameadhibiwa kufyeka nyasi, nawauliza: mtoto wa Gredi ya 6 alipata wapi pesa ya kununua wavu? Wavu uko kwa chifu. Anayeutaka aende akajieleze huko. Tulipoitisha mkutano kuhusu bwawa hilo, viti vingi vilibaki vitupu, na bado kuna wanaochunga ng'ombe juu ya tuta. Nyasi za tuta ndizo zinazoshika udongo, na kwato za ng'ombe huzing'oa. Kuanzia muhula ujao, mwanafunzi atakayekutwa kwenye tuta au mfereji atarudi nyumbani, na hatapokelewa bila mzazi wake. Sitabembeleza mtu.

Mvua ikinyesha usiku kucha, watoto wapite njia ya kanisani, si darajani.

Karo: wenye madeni wamalize kabla ya kufungua. Anayeshindwa aje tuzungumze mapema, asinitumie mtoto.

Tunafungua tarehe 26 Agosti. Wazazi wa Gredi ya 8, leteni nauli ya maonyesho ya kaunti siku hiyo hiyo.

Wenu,
Mwalimu Mkuu