Barua kutoka Dublin: Hugh na Art

Dublin, Januari

Shoga yangu wa dhati,

Nimepata barua yako, na nashukuru mama anaendelea vizuri. Uliniuliza nayaonaje makazi ya huku. Leo nakujibu kwa kisa, maana kila nikitoka kazini napita kwenye ngome ya Dublin, mji mkuu wa Ireland, na siwezi tena kuipita kimyakimya.

Humo alifungwa Hugh Roe O'Donnell, mtoto wa mtawala wa Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland. Mwaka 1587 alikuwa hajatimiza hata miaka 15, lakini alikuwa mchumba wa binti wa Hugh O'Neill, bwana mkubwa wa Ulster, jimbo la kaskazini. Waingereza waliogopa koo hizo mbili zisije zikaungana. Mwakilishi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, John Perrot, akatuma meli ya divai mpaka Rathmullan, pwani ya Donegal. Kijana akakaribishwa melini anywe. Wakati anakunywa, milango ikafungwa, silaha zikachukuliwa, nanga ikang'olewa. Hapo uchungu hunipanda: mtoto wa watu anakaribishwa kama mgeni, kumbe ametegwa!

Alitoroka mara ya kwanza, akakamatwa. Ya pili, mwanzoni mwa 1592, ndiyo inayoninyima usingizi. Alishuka kwa kamba kupitia chooni, yeye na Henry na Art O'Neill, wana wa Shane O'Neill, aliyewahi kuwa mkuu wa ukoo wa O'Neill. Nguo zao za juu waliziacha nyuma, na huko nje theluji. Wakaelekea milima ya Wicklow. Henry wakapotezana naye gizani. Art kifungo kilikuwa kimemnenepesha, miguu haimbebi tena. Hugh na mtumishi wao wakamtia katikati, mikono yake mabegani mwao, wakakokotana hivyo hivyo. Nguvu zilipowaishia wakajibanza chini ya mwamba, mtumishi akakimbilia bonde la Glenmalure kwa Fiach McHugh O'Byrne, mkuu wa ukoo aliyewapinga Waingereza.

Waokoaji waliwakuta wamefunikwa na theluji. Walipopewa chakula, Art hakuweza kumeza. Alifia palepale, wakamzika mlimani. Hugh alipona, ila vidole gumba vya miguu ilibidi vikatwe.

Mwaka huohuo akatawazwa kuwa mkuu wa ukoo wake, akapigana na Waingereza karibu miaka kumi. Yeye na wenzake waliposhindwa kwenye vita vya Kinsale, kusini mwa Ireland, 1601, akaenda Hispania kuomba jeshi, na huko Simancas akafariki 1602, bado hajafika miaka 30.

Wenyeji wanamsifu kwa vita. Mimi namsifu kwa usiku ule. Alikuwa kijana, na kila hatua aliyomngoja mwenzake ilikuwa inamrudisha gerezani. Ndipo nikakukumbuka wewe, siku nilipoteguka mguu tukitoka shule, ukanishika bega mpaka kiza kikaingia, ukakataa kunitangulia. Sijawahi kukushukuru ipasavyo.

Huko juu Art amewekewa msalaba. Ukija, nataka twende wote. Njoo na koti zito, na viatu vya kupandia mlima nitakutafutia huku.

Wako,
shoga yako