Kwa mdogo wangu, kuhusu wale wageni wako

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hadi pale uliposema unaweka kamera sebuleni ili asije mwingine akakuchezea. Usiiweke. Hasira yako naielewa: ulipokea watu wanne, wakalala kumi, kochi limechomwa kwa sigara, na jirani hakusemeshi tena. Lakini kamera hiyo itakuponza wewe kabla ya mgeni. Airbnb, hilo jukwaa la mtandaoni unalokodishia nyumba yako, walipiga marufuku kamera zote za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata zile zilizotajwa kwenye tangazo. Na hata kama wasingekataza, mtu amelipa ili ajisikie yuko kwake, asitazamwe.

Kamera ya nje inaruhusiwa ukieleza iko wapi. Kifaa cha kupima kelele nacho kinaruhusiwa, mradi mgeni ajue kipo na kisiwekwe chumba cha kulala wala bafuni. Kinasoma ukubwa wa sauti tu, mazungumzo hakirekodi. Nunua hicho.

Ila kifaa kitakuambia mambo yameharibika, hakitayazuia. Ninachotaka unisikilize zaidi ni hiki: tabia ya mgeni unaishughulikia kabla hajapewa ufunguo. Kabla hujakubali ombi, uliza: mtakuwa wangapi, mnakuja kwa shughuli gani, kuna watu watakaowatembelea? Waulize wote hivyohivyo, wala usimhukumu mtu kwa jina lake au anakotoka. Mwenye safari yake anajibu bila shida. Anayekwepa swali la idadi mara mbili, mwambie kwa upole kwamba nyumba haitamfaa.

Kuna watakaokudanganya pia. Tarehe 31 Oktoba 2019, huko Orinda, California, nyumba ya kukodi kwa muda mfupi iligeuzwa ukumbi wa sherehe, wakafika zaidi ya watu mia, zikapigwa risasi, watu watano wakafa. Taarifa za wakati ule zilisema aliyekodi alieleza kwamba anawaletea ndugu zake wenye pumu, wanaokimbia moshi wa moto wa nyika. Baada ya hapo Airbnb walibadilisha mambo: Agosti 2020 wakapiga marufuku sherehe katika nyumba zote dunia nzima, na Juni 2022 marufuku hiyo wakaifanya ya kudumu. Kwa hiyo ukimwandikia mgeni kwamba sherehe hapana, usijione mkali. Na hiyo idadi ya watu wanaoruhusiwa, andika kwa tarakimu. "Familia ndogo" kila mtu ana yake.

Sasa karatasi yako ya masharti thelathini uliyoibandika jikoni, kwa wino mwekundu. Ibandue. Hakuna anayeisoma, na sharti ambalo mgeni hakuliona kabla ya kulipa ni vigumu kumbana nalo. Chagua matano yanayokuuma kweli, yaweke kwenye tangazo, na kila moja lipe sababu yake. "Baada ya saa 4 usiku tunashusha sauti, ukuta wa chumbani unapakana na chumba cha mtoto wa jirani." Mtu akijua kuna mtoto nyuma ya ukuta, mkono wake wenyewe unaenda kwenye redio. Ukimwandikia "KELELE MARUFUKU, FAINI!" umeshamkosea heshima kabla hajakosea.

Kelele zikianza, usisubiri zikuchoshe. Hapa ndipo wenyeji wengi wanapoharibu: tumelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone", basi tunaona haya kusema, tunavumilia hadi saa 8 usiku, halafu tunalipuka. Andika mapema, maneno machache: "Habari za jioni. Naona sauti imepanda, na jirani ameshalala. Naombeni mpunguze muziki sasa. Nitaangalia tena baada ya robo saa. Asanteni sana." Usilaumu, usitishe. Wengi hawajui sauti yao inafika wapi, na wataomba radhi. Wasiposikia, piga simu. Wakikaidi, wapigie wahudumu wa jukwaa, na ukiona hatari, polisi. Usiende mlangoni peke yako usiku, nakusihi.

Maneno hayo yote yapite ndani ya programu uliyopokelea oda, si WhatsApp. Siku ya kudai, yaliyoandikwa pale ndiyo yatakayosomwa.

Na kudai unaweza. Ombi la fidia kwa Airbnb linatakiwa ndani ya siku 14 tangu mgeni atoke, kwa hiyo kochi hilo bado halijakupita. Usilisafishe kwanza. Lipige picha kwa karibu, kisha kwa mbali ili ionekane ni sebule yako, tafuta picha ya kabla, na risiti au bei ya fundi. Kuanzia sasa mfanya usafi apige picha kila chumba kabla mgeni mpya hajaingia. Kazi ya dakika tano.

Umeniuliza pia kama uwaandikie maoni mabaya, unaogopa watakulipizia nyota. Maoni yao na yako hayaonekani hadi pande zote mbili ziwe zimeandika, au siku 14 zipite. Andika yaliyotokea, bila matusi: walifika wengi kuliko waliotajwa, kochi liliungua. Mwenyeji mwenzio atakayepokea ombi lao baadaye anahitaji kujua hilo tu.

Halafu nenda kwa jirani. Hili ndilo linaloniuma kuliko kochi. Yeye hakukodisha chochote, hapati hata senti, na ndiye aliyekosa usingizi. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe. Mwombe radhi, mpe namba yako, mwambie akisikia fujo akupigie saa yoyote, na simu hiyo uipokee. Jirani anayejua utapokea anavumilia mengi. Asiyejua atapeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, na hapo unaweza kupoteza kibali cha kukodisha, si wikiendi moja.

Anza na huyo jirani leo. Masharti yako matano ukishayaandika, nitumie niyapitie kabla hujayaweka kwenye tangazo.

Ni mimi, dada yako