Risala ya Wanafunzi wa Sheria Wenye Ulemavu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Wakili Msomi, Mkuu wa Kitivo, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuahirisha shughuli zako ili uje kuwaaga wenzetu wanaohitimu shahada ya sheria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabuni hatuna kesi ya kudai. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wala hakuna wa kutuambia kazi hii hatuiwezi. Dkt. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, alikuwa wakili na mhadhiri wa sheria kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha balozi wetu Ujerumani. Sisi tunakwama baada ya shahada, kabla ya kufika mbele ya Jaji Mkuu kuapishwa.

Hapo katikati kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na kuna kutafuta ofisi ya kujifunzia kazi. Mwenzetu anayetumia kiti mwendo alizungumza na wakili kwa simu, wakaelewana. Alipofika, ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Wakili alishuka mwenyewe, akamsalimia kwa heshima zote, akamwomba asubiri mwenye jengo afanye marekebisho. Bado anasubiri. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wenye sifa, lakini ofisi nyingi za mawakili hazifikishi idadi hiyo. Kifungu kizuri, ila kinapita juu ya vichwa vyetu.

Wasioona wana kilio chao. Hukumu iliyochapwa kwenye kompyuta inasomeka vizuri kwa programu ya sauti, na tunaishukuru Mahakama kwa nyingi inazoweka mtandaoni. Balaa ni nakala zilizoskaniwa. Programu ikifungua ukurasa wa kwanza inasema "picha", wa pili "picha", hivyo hivyo hadi mwisho, na kesho yake asubuhi mwanafunzi anatakiwa kusimama kwenye mahakama ya mfano. Wenzake humsomea bwenini hadi usiku wa manane. Mungu awalipe, lakini wakili hawezi kwenda mahakamani na bweni zima.

Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama akipatikana, mara nyingi hajawahi kukaa darasa la sheria. Rufaa, mapitio na marejeo ni njia tatu tofauti kisheria, lakini vyote vinapita kwa ishara moja, na mwanafunzi anaandika alichokiona. Akikosea kwenye mtihani, alama anapoteza yeye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi alama za huruma. Muda wa ziada kwa anayeandika kwa nukta nundu si upendeleo, maana maswali ni yale yale na anayesahihisha ni yule yule. Tunachoomba ni utufikishie maneno haya Chama cha Mawakili wa Tanganyika: kiandae orodha ya ofisi zinazofikika na zilizo tayari kupokea wanafunzi wenye ulemavu, mkoa kwa mkoa, ili mtu asipande daladala mbili kwenda kuzitazama ngazi. Kwa kitivo chetu, tunaomba vitini vitolewe kama maandishi badala ya picha, na wakalimani wakutane na walimu wa sheria kabla ya muhula kuanza wakubaliane ishara.

Na kwako binafsi, tumesikia ofisi yako iko chini, usawa wa barabara. Wahitimu wawili wa leo wameshaandika barua za maombi. Zimo ndani ya bahasha hii tunayokukabidhi pamoja na risala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.